Tulivyomlilia Bi Kidude Kasumulu

Taarifa ya kifo cha Bi Kidude ilinikuta Kasumulu, Jumatano ya tarehe 17 Aprili 2013, nikiwa nimejibanza kwenye banda la mama lishe, hatua chache kutoka daraja la mto Songwe. Mvua ya Kyela mwezi wa Aprili haina staha. Hunyesha usiku kucha, na asubuhi huanza upya kana kwamba jana haikuwako. Banda lilikuwa limejaa watu ambao mvua iliwalazimisha kuwa jirani: madereva wa malori waliosubiri nyaraka zao zipite forodha, vijana wa kubadilisha kwacha wakiwa na mabunda yao chini ya makoti, mama mmoja aliyevuka kutoka upande wa Karonga na kikapu cha dagaa. Redio ikasema kwamba Fatuma binti Baraka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude, amefariki dunia huko Bububu, Unguja.

Mama lishe aliweka mwiko chini. Dereva mmoja, ambaye kwa lafudhi yake nilimkadiria kuwa mtu wa Tanga, alivua kofia na kusema, "Inna lillahi." Kijana mmoja wa kwacha akauliza, "Ni yule bibi wa sigara?" Hakuna aliyemkemea. Dereva alimjibu kwa upole kuwa ndiye, akaanza kumsimulia jinsi alivyowahi kumwona jukwaani, miguu mitupu, ngoma imefungwa kiunoni, akiimba bila kushika karatasi wala kumtazama yeyote kwa kuomba ruhusa. Kwa muda wa nusu saa hivi, hakuna aliyezungumzia foleni ya malori.

Nimeliwaza sana banda lile tangu siku hiyo. Kasumulu si mwambao. Ni mahali pa mpunga, kakao, migomba na michikichi, penye Kinyakyusa majumbani na nyimbo za Kimoravia na Kilutheri makanisani. Taarabu haikuzaliwa kwetu, na unyago aliouchezesha Bi Kidude haukuwa wa binti zetu. Hata mawimbi ya redio, nilipokuwa mtoto, yalikuja kwa urahisi zaidi kutoka Malawi kuliko kutoka Dar es Salaam. Lakini usiku, mvua ikipoa, Redio Tanzania ilifika, na pamoja nayo zilifika sauti za Unguja na Tanga. Shangazi yangu alikuwa akikaa karibu na redio ile akichambua maharage. Nilimuuliza siku moja kama anaelewa maneno. Alijibu kwamba mengine yanampita, lakini mwanamke yule anajua kulia.

Kwa Mnyakyusa, hiyo si sifa ndogo. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Unyakyusa miaka ya 1930, waliandika kwa urefu kuhusu mazishi yetu: wanawake wakilia kwa kuimba, vijana wa kiume wakicheza ngoma na mikuki mikononi, msiba na uhai vikigombania uwanja mmoja. Kulia kwetu ni kazi yenye mafundi wake. Shangazi alikuwa fundi. Alipomsifu Bi Kidude, alikuwa akimsifu mtu wa fani yake.

Niliporudi chuoni wiki iliyofuata nilikuta wanafunzi wangu nao wanamlilia, na wanabishana. Mmoja alimlilia mwanamke huru, aliyetoroka ndoa ya kupangiwa akiwa bado msichana na kuzunguka bara kwa miguu. Mwingine, kijana wa Unguja, alikerwa: kwao, alisema, bibi yule ni somo, mtu aliyewafunda mabibi zao, na haya ya sigara na pombe ni mambo yanayowapendeza wageni. Wa tatu, ambaye nadhani hakuwa amewahi kusikiliza wimbo wake mmoja mpaka mwisho, alimlilia "balozi wa utamaduni wetu." Nilitambua kwamba kila mmoja amechagua Bi Kidude wake. Mashabiki ndivyo tulivyo, na sioni dhambi. Msanii aliyeishi karibu miaka mia moja ana nafasi ya kuwatosha wote. Kilichonisumbua ni kingine: kwamba vitu tulivyokuwa tukivitaja katika mabishano yale vilikuwa vichache, na karibu vyote tulivipata kwa watu wengine.

Nianze na umri wake. Magazeti ya wiki ile yalitaja miaka tofauti tofauti. Mwenyewe alikuwa akisema tu kwamba alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, zama za rupia. Lakini rupia ilitumika Zanzibar mpaka mwishoni mwa mwaka 1935, kwa hiyo jibu hilo lilikuwa mlango ulioachwa wazi, na nina hakika bibi alilijua hilo na kulifurahia. Wengi waliucheka utani huo. Mimi niliona ndani yake dola isiyomwandika mtu anapozaliwa, kisha ikaja kushangilia uzee wake. Tusidhani ni mambo ya kale: mwaka uleule wa 2013, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, walianza katika mkoa wetu wa Mbeya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, kwa kuwa wengi mno hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwanamke anayezaliwa bila karatasi Kyela na mwanamke aliyezaliwa bila karatasi Unguja wana jambo la kuzungumza.

Halafu kuna nyimbo zenyewe. Sehemu kubwa ya alichokiimba Bi Kidude jukwaani alikipokea kwa sikio kutoka kwa Siti binti Saad na wenzake. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafariki mwaka 1950, na akabahatika kuandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Mmoja wa nyimbo hizo ni "Kijiti," nao unastahili kufundishwa katika vitivo vya sheria. Unahusu kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa alitorokea bara, na waliojikuta wakiadhibiwa ni wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi. Mahakama ya kikoloni ilifunga jalada lake. Wimbo haukulifunga. Bi Kidude aliuimba miongo mingi baada ya hakimu, mtuhumiwa na mashahidi wote kuzikwa, na kila alipouimba kesi ile ilisikilizwa upya mbele ya watu ambao hawangeijua kwa njia nyingine yoyote.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaomwita "burudani." Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba kumbukumbu ya serikali hukaa katika masjala, na kwamba kilichokosa jalada hakipo. Wanawake wasiojua kusoma walijitengenezea masjala yao. Katika masjala ile Bi Kidude alikuwa karani mkuu, bila mshahara, bila likizo, bila mafao.

Na jukwaani tulikuwa tukiona sehemu ndogo ya kazi yake. Kazi aliyoifanya kwa miaka mingi zaidi ilikuwa unyago: kuwafunda wari kuhusu mwili wao, ndoa, heshima na starehe, kwa ngoma, kwa nyimbo, kwa vitendo ambavyo mwanamume haruhusiwi kuviona. Alijua pia dawa za mitishamba. Mimi ni mwanamume na sina haki ya kudai kufunguliwa mlango ule. Lakini naweza kuuliza kama wanawake wenye haki hiyo, watafiti wa vyuo vyetu vyenyewe, waliwahi kupewa fedha na muda wa kukaa naye. Filamu ya maisha yake inayojulikana zaidi, "As Old as My Tongue," ilitengenezwa mwaka 2006 na Mwingereza, Andy Jones. Tuzo ya WOMEX alipewa mwaka 2005 huko Newcastle, Uingereza. Simlaumu Mwingereza hata kidogo. Alifanya kazi nzuri, na bila yeye tungekuwa maskini zaidi. Ninajiuliza tu tulikuwa wapi sisi tuliokuwa na lugha, nauli ya boti, na vyeo vyenye neno "utamaduni" ndani yake.

Jibu, kwa sehemu, ni kwamba tulikuwa tukisubiri mazishi. Alizikwa kesho yake, Alhamisi, kijijini Kitumba. Maelfu walifika. Rais wa Jamhuri ya Muungano alikuwapo, na Rais wa Zanzibar alikuwapo. Ni heshima, na ningeudhika kama wasingefika. Lakini mwanamke yule alijulikana dunia nzima akiwa anaishi katika nyumba ya kawaida kabisa ya Ng'ambo, na miezi yake ya mwisho iligubikwa na mabishano ya nani amtunze, nani amzuie kuimba, na fedha zake zinakwenda wapi. Mabishano ya namna hiyo hustawi pale ambapo hakuna utaratibu. Familia huachiwa peke yake kuamua mambo ambayo sheria na mifuko ya hifadhi ilipaswa kuwa imekwisha kuyaamua.

Zanzibar ilijifunza, na haki isemwe: Aprili 2016, miaka mitatu baada ya mazishi yale, Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, lakini wazo ni kubwa, kwa kuwa linamtambua mtu aliyefanya kazi maisha yake yote bila mwajiri. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Sera ni maneno mazuri. Mama lishe wa Kasumulu hawezi kwenda nayo dukani.

Shangazi yangu alikuwa na umri usiojulikana, kama mwenzake wa Unguja. Jioni ile ya tarehe 17 nilimpelekea habari ya msiba. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama Bi Kidude ameacha mtu wa kushika nyimbo zake. Nilimwambia zipo kwenye kanda na santuri. Alirudia swali lile lile, polepole, kama anavyorudiwa mtoto ambaye hakusikia: "Nimeuliza mtu, tata." Alikuwa akiniita tata, yaani baba, kwa sababu nimechukua jina la baba yake.

Nieleze alichokuwa akikiimba, maana hamtakipata popote. Katika misiba ya Kasumulu, Njisi, Ipyana, na hata ng'ambo ya mto kwa Wangonde ambao lugha yao na yetu ni ndugu, shangazi alitangulia na wanawake wakampokea. Alimtaja marehemu, ukoo wake, alichopanda, aliyemdhulumu. Wimbo wake uliojulikana zaidi ulihusu mama aliyefia njiani akijifungua, akiwa amebebwa juu ya baiskeli usiku wa mvua, ilhali palikuwa na mtu mwenye gari aliyegoma kulitoa. Shangazi aliuimba msibani, mwenye gari akiwa amekaa pale pale kwenye mkeka wa wanaume. Hakulitaja jina lake. Alilitaja gari, rangi yake, na mti lilipoegeshwa. Aliuimba tena katika misiba mingine kwa miaka mingi. Nilipokuwa kijana, gari lingine lilipotolewa haraka kumpeleka mzazi hospitalini, wazee walikuwa wakisema kwa kicheko kwamba huyu naye hataki kuimbwa.

Sasa niungame. Wiki ile ya Aprili 2013 nilikuwa na kinasa sauti ndani ya mkoba wangu. Kilikuwa kile kile nilichokitumia katika utafiti wa shahada ya uzamivu, nikiwahoji maofisa wa wilaya kuhusu utawala bora, kurasa mia tatu na ushee za maneno ambayo hata wao wasingependa kuyasikia tena. Shangazi alikiona, akakigeuzageuza mkononi, akauliza kinakula nini. Nikamwambia betri. "Basi siku ukikilisha," alisema, "kilete nikiimbie." Nilicheka. Nilimwahidi kwamba nitafanya hivyo kwenye likizo ndefu, tukitulia. Likizo ile nilipata kazi ya ushauri. Iliyofuata nilikuwa na semina. Mimi niliyekuwa nimesimama darasani wiki iliyofuata nikiwauliza wanafunzi tulikuwa wapi Bi Kidude alipokuwa hai, niliweza kusema hayo bila aibu usoni, huku betri zikilala kwenye droo.

Shangazi alifariki masika ya mwaka 2017. Hakukuwa na tangazo la redio, na hakuna kiongozi aliyefika zaidi ya mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni jirani na angefika hata kama asingekuwa na cheo. Vijana walileta spika kubwa, wakapiga nyimbo za injili za kununua. Nyimbo nzuri, lakini zilikuwa zikimlilia mtu yeyote. Alfajiri, spika ilipoishiwa umeme, bibi mmoja aliyekuwa mpokeaji wa shangazi kwa miaka mingi aliuanzisha wimbo wa baiskeli. Alifika kwenye mvua, akafika kwenye mti, akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama pale pale. Wanawake wengine wawili walijaribu kumsaidia, kila mmoja na maneno yake. Mwishowe waliendelea kwa mguno tu, bila maneno, mpaka kulipokucha.

Kwa hiyo nikafanya kile ambacho msomi hufanya akichelewa: nikaandaa mradi. Nilirudi likizo ya mwaka uliofuata, nikawakusanya wanawake tisa, wengi wao zaidi ya miaka 60, nikawaeleza kwamba nataka kurekodi nyimbo za misiba na harusi kabla hazijapotea. Nilitaja Bi Kidude. Walimfahamu, mmoja aliigiza sauti yake vizuri kiasi cha kutuchekesha wote. Kisha yule bibi mpokeaji, ambaye hakucheka, akaniuliza: "Ukishazinasa, zitakuwa za nani?"

Ninafundisha mambo haya. Nilijua kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, kwamba inazichukulia kuwa urithi wa jamii, na kwamba kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji idhini ya mamlaka. Nikawaeleza. Walisikiliza kwa adabu. Mwingine akauliza: jamii ndiyo nani, mwenyekiti? Na mamlaka hiyo iko wapi, Kyela au Dar es Salaam? Na redio ikiupiga wimbo wa baiskeli, wajukuu wa marehemu wa baiskeli wataulizwa? Wa nne akataka kujua kama mimi nitapandishwa cheo kwa nyimbo zao. Swali hilo nililijibu kweli: huenda.

Yalikuwa maswali bora kuliko yote niliyoulizwa siku ya kutetea tasnifu yangu, na sheria niliyokuwa nimeibeba haikuwa na jibu la kutosha hata kwa moja. Sheria inauona wimbo na inaiona jamii. Haimwoni anayeubeba wimbo kichwani kwa miaka hamsini, akauongezea ubeti pale msiba ulipodai. Bi Kidude naye alikuwa huyo: hakuzitunga nyimbo nyingi alizoziimba, lakini bila koo lake zingekuwa kimya.

Hatukurekodi siku ile. Walinitaka niende nirudi na majibu. Tulikutana mara mbili zaidi, mara moja chini ya mwembe, mara ya pili ndani kwa sababu ya mvua, na tukaandika karatasi moja, kwa Kiswahili na Kinyakyusa, ambayo mwanasheria yeyote ataikosoa. Inasema kwamba kila sauti itatolewa nakala mbili, moja chuoni, moja kwa katibu wa kikundi chao. Kwamba nyimbo zinazotaja watu hazitatoka bila ukoo husika kuketi na kukubali. Kwamba fedha yoyote ikija, sehemu kubwa ni ya aliyeimba, akiwa hai, si ya waliokuja kumzika. Jina la kila mwimbaji litatajwa pamoja na la aliyemfundisha. Sharti hilo la mwisho walilitia wao wenyewe. Mimi sikuwa nimelifikiria.

Mpaka sasa tuna nyimbo 31. Wimbo wa baiskeli hauko kamili: umenaswa kwa matoleo matatu yasiyokubaliana, na baada ya mti kuna mguno. Bibi mpokeaji alikataa nisiukate mguno huo. Katika daftari, mahali pa jina la aliyewafundisha, wote watatu wamemtaja shangazi, na mmoja wao ameomba pia liandikwe, kwa sababu alilisikia redioni zaidi ya mara nyingine zozote, jina la Fatuma binti Baraka.